Delhi hadi Chennai kwa Reli

Delhi, Jumatatu, 3 Machi 2025

Shemeji Waceke,

Nakuandikia barua pepe badala ya kupiga simu kwa sababu mimi na baba tumepanga chumba kimoja, na Mzee husikia kila kitu. Hufumba macho ukadhani amelala. Jana nilimwambia mke wangu kwa simu kwamba hali ya Mzee si mbaya sana. Nilipokata, akaniuliza hiyo "sana" ilikuwa ya nini.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wametoa sehemu ya chini ya pafu la kulia, pamoja na ule uvimbe tuliouona Kisumu. Mrija wa kifuani ulitolewa Ijumaa, tukaruhusiwa kutoka wodini. Sasa wanataka amalizie kwa mionzi, na mashine inayomfaa iko Chennai. Miadi yake ni Jumatatu ijayo. Akiikosa, nafasi nyingine ni mwezi wa tano, na viza yetu haifiki huko.

Mimi nilidhani ukishafika India umefika. Kumbe kutoka Delhi hadi Chennai ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia saba. Ni kama utoke Kisumu ukaribie Lusaka. Wakala anayetushughulikia ametukatia tiketi za ndege za Alhamisi. Anasema tutakaa angani kwa muda wa saa mbili na dakika hamsini, na Mzee hatausikia.

Mwambie mumeo, Douglas. Mzee anamuulizia kila siku na simu yake inaita tu. Najua kazi za huko haziachi mtu apumue, lakini yeye ndiye mkubwa wetu. Aandike hata mstari mmoja.

Binti yenu Nella hajambo? Msalimie.

Shemeji yako,
Clifford Oloo


Blacktown, Sydney, Jumanne, 4 Machi 2025

Clifford,

Nilikuwa nasoma barua yako kwenye treni nikitoka kazini, nikapitiliza kituo changu. Nilishtukia niko Doonside. Ilibidi nishuke ningoje treni ya kurudi, na pale kwenye benchi nikaisoma tena.

Nisikilize sasa kama muuguzi, usinisikilize kama shemeji. Baada ya mrija kutolewa, walipiga eksirei ya kifua? Ilionyesha nini? Mtu akikatwa pafu, mara nyingine hewa kidogo hubaki ndani ya kifua, nje ya pafu lenyewe. Huku chini haimsumbui. Lakini ndege ikipanda, hewa ile hupanuka, na nafasi ya kupanukia haipo. Italibana pafu, halafu itausukuma moyo. Muda wa saa mbili na dakika hamsini ni mrefu sana kwa jambo kama hilo. Hata nusu saa ni ndefu.

Muulize daktari aliyempasua, usimuulize wakala. Wakala anauza safari.

Douglas nimemwambia. Siku hizi wamempa shifti za usiku huko ghalani, mchana analala. Atamwandikia Mzee akipata nafasi. Nella hajambo. Nilimwambia babu anamsalimia, akanijibu kwa Kiingereza kwamba babu amletee picha ya tembo.

Nijibu upesi.

Waceke


Delhi, Jumatano, 5 Machi 2025

Shemeji,

Nimefanya ulivyosema, na sasa sijui kama nikushukuru au nikulaumu.

Nilirudi kwa daktari. Akanionyesha ile eksirei. Kuna mstari mwembamba, mweupe, karibu na bega, na juu ya mstari huo ni hewa. Akasema ni kidogo, itanyonywa na mwili wenyewe, ila ndege tusubiri wiki mbili baada ya picha kuonyesha imekwisha. Nikamwambia miadi ni Jumatatu. Akasema yeye anajua kifua tu, ratiba za Chennai hazijui.

Wakala akaniambia nisijali. Anaye daktari mwingine wa kusaini cheti kwamba Mzee anaweza kuruka. Anasema amesafirisha wagonjwa wengi wa aina hii na wote walifika.

Nikamuuliza kuhusu treni. Alicheka. Kwa reli zinazidi kilomita elfu mbili na mia moja, unaondoka jioni ya leo unafika asubuhi ya kesho kutwa. Mzee ana mshono mbavuni, Shemeji. Anakwenda msalani nikimshikilia. Unataka nimlaze kwenye kitanda cha treni muda wote huo, kwenye joto, mbali na hospitali yoyote? Wewe uko Sydney unasoma picha ambayo hujaiona. Mimi ndiye ninayemvisha soksi.

Nilijaribu kumweleza yeye mwenyewe. Akasema, "Mwambie Douglas aamue. Akisema ndege, ni ndege. Akisema treni, ni treni." Nikamwambia Douglas hapokei simu. Akageukia ukutani.

Nimesogeza tiketi za ndege hadi Jumamosi. Siwezi kuzisogeza tena. Mwamshe kaka yangu, hata kama ametoka shifti. Nataka neno lake.

Clifford


Sydney, Alhamisi, 6 Machi 2025

Baba,

Mimi ni Douglas. Nisamehe kwa kimya changu. Naandika kwa Kiswahili ili Waceke naye asome, maana tumezungumza naye jambo hili kwa kirefu.

Nakuomba usipande ndege. Najua umechoka na unataka safari iishe. Najua Clifford amekubeba peke yake na mimi sikuwepo. Lakini hewa iliyo kifuani mwako haijaisha, na huko juu hakuna mtu wa kukutibu. Pandeni treni. Mchukue vitanda vya chini kwenye behewa lenye ubaridi, Clifford alale ng'ambo yako. Ukichoka, mshuke popote, na miadi ya Jumatatu tuiache ipite. Tutatafuta nyingine.

Baba, huu ni uamuzi wangu. Kama kitaharibika kitu, lawama ziwe juu yangu, zisiwe juu ya Clifford. Yeye amefanya kazi ya wana wawili na sijawahi kumwambia asante. Namwambia sasa.

Kunywa maji mengi njiani. Nataka nikuone tena.

Mwanao,
Douglas


Delhi, Ijumaa, 7 Machi 2025

Shemeji Waceke,

Barua ya Douglas ilifika jana. Nilimsomea Mzee, akaniambia nisome tena, polepole. Nilipomaliza akasema, "Basi tutafute treni." Leo amekula kuliko siku zote tangu tuje.

Nami pia nakiri imenigusa. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi hadi macho yakauke. Tangu aende Australia, Douglas hajawahi kuniambia neno kama lile. Nilikuwa nimeanza kuwa na moyo mgumu juu yake. Mwambie yameisha.

Wakala amekasirika lakini tiketi tunazo. Treni inaondoka jioni hii, tutashuka Chennai Jumapili asubuhi. Nimepata vitanda viwili vya chini. Nimenunua ndizi, maji, na mto wa kumwekea ubavuni. Nikifika nitaandika.

Shemeji yako mwenye amani,
Clifford


Blacktown, Jumatatu, 10 Machi 2025

Clifford,

Jana mlikuwa mfike. Nimekupigia, simu imezimwa. Hospitali ya Chennai wanasema hawajapokea mgonjwa mwenye jina la Patrick Oloo. Nimeomba ruhusa kazini na nimekaa hapa jikoni, Nella ameenda shule, na siwezi kungoja zaidi bila kukuambia jambo ambalo ningepaswa kukuambia mwanzoni.

Ile barua si ya Douglas. Niliiandika mimi, kwa anwani ya barua pepe ambayo mimi na yeye tulifungua pamoja tulipokuwa tunatafuta nyumba.

Douglas haishi hapa. Aliondoka mwezi wa kumi na moja. Alipunguzwa kazi huko ghalani Ingleburn, na hakuniambia. Kwa wiki nyingi aliamka asubuhi, akavaa viatu vya kazini, akachukua chakula nilichompakia, akatoka. Alikuwa anakaa maktaba ya Liverpool, mtaa mwingine wa hapa Sydney, hadi jioni. Nilipogundua, nilimwambia kwamba nilidhani nina mtoto mmoja, kumbe nina wawili. Nella alikuwa mlangoni. Douglas alifunga begi, na sasa anaishi Liverpool na wenzake. Kila Jumapili humchukua Nella, humpeleka kanisani na kumrudisha. Huwa tunasalimiana.

Nilimtumia ujumbe kuhusu Mzee mara baada ya barua yako ya kwanza. Aliusoma. Hakujibu. Nadhani anaona aibu, na aibu yake nikaifanya uongo wangu. Sikutaka nyumbani mjue. Kisha ukasema Mzee atamsikiliza yeye tu, na tiketi ni Jumamosi, nikaona nikingoja Douglas apate ujasiri, Mzee atakuwa angani.

Kama limetokea baya, usimlaumu kaka yako. Hajui hata kwamba mlipanda treni. Ni mimi niliyewapandisha. Tafadhali niambie mko wapi.

Waceke


Nagpur, Jumanne, 11 Machi 2025

Waceke,

Tuko Nagpur, katikati ya India. Mzee yu hai. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu una haki ya kulijua.

Hadi Jumamosi asubuhi alikuwa vizuri. Alikula ndizi, akawa ananiuliza majina ya vituo. Tulipopita Itarsi alianza kukohoa, kisha akashika kifua. Midomo ikabadilika rangi. Sikujua la kufanya. Nilimkalisha, nikamlaza, nikamkalisha tena. Nje ni mashamba na vilima tu. Bwana mmoja wa kitanda cha juu alimwita mkaguzi wa tiketi, naye akapiga simu mbele. Kila treni ilipopunguza mwendo nilidhani tumefika. Kila mara haikuwa Nagpur. Mzee alinishika mkono akasema kwa Kijaluo kwamba nisiogope, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia hivyo.

Tulipofika machela ilikuwa inangoja. Daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, alimtoboa ubavuni na kuweka mrija mpya. Ncha ya pili iko kwenye chupa yenye maji. Nilisimama pale nikiiona hewa ikitoka na kububujika. Iliendelea kububujika muda mrefu. Simu yangu nilikuwa nimeisahau kitandani kwenye treni. Hii nimeinunua leo, na barua ya kwanza niliyokuta ni yako.

Kwanza nilitaka kuirusha ukutani. Nilimpandisha baba yangu treni kwa neno la mtu ambaye hakulisema. Na kuna kingine ambacho labda hukufikiria ulipokuwa unaandika. Uliniambia asante kwa jina la kaka yangu. Nililia kwa ajili ya asante ile. Kumbe bado hajaisema.

Jana nilimuuliza daktari: je, kama tungepanda ndege? Hakutaka kujibu. Nilisisitiza. Akasema, "Treni ina vituo. Mlishuka." Akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo nikushukuru? Labda siku moja. Leo nina hasira na sijalala vizuri. Mzee sijamwambia. Anaomba kalamu na karatasi tangu asubuhi, nitampa.

Clifford


Nagpur, Alhamisi, 13 Machi 2025

Mama Nella, binti yangu,

Naandika kwa mkono wangu, Clifford ataipiga picha akuletee. Nimemwambia asiisome. Bila shaka ataisoma.

Mrija bado uko ubavuni, ila kupumua si kazi tena. Daktari wa hapa ni mkali, nampenda. Amesema nisiondoke hadi pafu lizibe kabisa. Chennai nimeikataa. Nimeshapita umri wa kukimbizana na mashine. Mwili ukiruhusu nitarudi Kisumu, na yatakayobaki yatibiwe huko kwa vilivyopo.

Sasa la barua. Douglas alinipigia siku ya Krismasi. Aliniambia amepoteza kazi, amekuficha, umegundua, na ameondoka. Alisema ulimwambia neno, ila hakulirudia, na sitaki kulijua. Alinisihi nisimwambie mtu. Nikanyamaza, nikingoja wewe mwenyewe uniambie. Kila ulipopiga simu ulisema yuko kazini, nami nikasema msalimie. Tumeendelea hivyo miezi yote hii, wewe ukinihurumia, mimi nikikuhurumia, na yeye yuko peke yake huko.

Clifford aliposoma ile barua, nilijua kabla hajafika katikati. Mwanangu haniandikii kwa Kiswahili. Tena hajawahi kuniomba kitu kwa kunyenyekea, ana kiburi kama mimi. Nilimwambia Clifford arudie kusoma kwa sababu nilitaka kuisikia sauti yako tena. Kila mtu Delhi alitaka niwahi, hata mimi mwenyewe. Wewe peke yako ulitaka nifike. Ndiyo maana nilipanda treni, usidhani nilidanganywa.

Lakini sitakusifu. Ulichukua jina la mtu aliye hai. Kama ningekufa Itarsi, Douglas angezika baba aliyeuawa na barua ambayo hakuiandika. Ulilifikiria hilo?

Kwa hiyo nakupa kazi. Ichapishe barua hii, umpelekee Douglas mkononi. Usimtumie kwa simu. Uende mwenyewe, usimame mbele yake, umweleze ulichofanya. Mwambie baba yake yuko Nagpur na anataka kumwona kabla ya kupanda ndege yoyote.

Nella nitamtafutia tembo wake. Hapa wanawachora kwenye kila kitu.

Baba yako,
Patrick Oloo


Blacktown, Jumamosi, 22 Machi 2025

Baba,

Nilikwenda Liverpool Jumamosi iliyopita. Aliyefungua mlango ni mwenzake mmoja kutoka Burundi, anaitwa Égide, aliyelelewa kambini Tanzania. Akasema, "Yeye iko ndani, mama, ila haikule tangu jana." Nadhani alidhani nimemletea chakula.

Douglas alikuwa amekaa kitandani na viatu. Amekonda. Nikampa barua yako nikasimama, kama ulivyosema. Aliisoma hadi mwisho, kisha akauliza, "Wewe ndiye uliyejiita mimi?"

"Ndiyo."

"Nionyeshe."

Nikampa simu aisome ile barua. Alipofika pale pa kumshukuru Clifford alifunika macho kwa kiganja. Nilingoja anikaripie. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, hata maneno ya kujitetea nilikuwa nayo.

Akasema, "Ujumbe wako niliusoma kituo cha basi. Nilitaka kumpigia Clifford. Unajua ningemwambia nini?"

"Nini?"

"Pandeni ndege. Ningemwambia waharakishe, Mzee asiteseke njiani."

Baadaye akaniomba nikae, na hapakuwa na mahali pa kukaa ila kitandani, nikakaa. Nilimwambia lile neno la mwezi wa kumi na moja nimelijutia kila siku, na kwamba nililisema nikijua litamuumiza. Akasema analijua hilo. Hatukukumbatiana, Baba, sitaki upate picha nzuri kuliko ilivyokuwa. Nella alikuwa kwa rafiki yake, ikabidi niende kumchukua.

Viza yake ilitoka Alhamisi. Asubuhi hii nilimpeleka uwanjani mwenyewe. Njiani alinieleza safari: zaidi ya saa kumi na mbili hadi Delhi, alale hapo, kisha chini ya saa mbili hadi Nagpur. Alikuwa ameyaandika nyuma ya bahasha, na kila taa nyekundu aliyasoma tena. Mlangoni aliniuliza kama akirudi aje Blacktown au aende Liverpool. Nikamwambia sijui. Akasema hata yeye hajui. Kisha akampigia Clifford pale pale, mbele yangu, akazungumza naye kwa Kijaluo, na ingawa sielewi maneno niliona namna alivyokuwa anainamisha kichwa.

Kuhusu sisi wawili sina zaidi la kukuambia, wala sina la kukuficha. Nimewaambia wazazi wangu pia. Mama alilia, baba alisema afadhali kujua.

Kuhusu kurudi kwenu Kisumu, msiniulize mimi tu. Daktari huyo mkali apige picha, asubiri, apige nyingine. Akisema bado, ni bado, hata viza ikiisha. Nimemwambia Douglas hivyo na ameahidi.

Atafika kwenu kesho mchana. Chakula cha ndege huwa hakigusi, na akiulizwa atasema ameshiba. Msimwamini. Mwekeeni sahani mbele yake, mkae naye hadi amalize.

Binti yako,
Waceke